Saini ya Babu

Hakuwa babu wa mtu. Alikuwa na miaka thelathini na moja, hana hata unywele mmoja mweupe, ila katika wale wanane waliopelekwa nje kwa ufadhili kusomea Kifaransa chuo kikuu, yeye ndiye aliyewapita wote umri, tena ndiye pekee aliyevaa kofia ya sufu mpaka darasani. Basi jina likamganda. Alipompigia mama yake simu kumweleza anavyoitwa siku hizi, mama alicheka mpaka akapaliwa. "Nimewapa mtoto, wananirudishia babu!" Babu mwenyewe ndiye aliyewasimulia wenzake, huku akijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya ile kofia.

Kasuku naye alipata jina lake wiki ya kwanza, kwenye maabara ya matamshi. Mhadhiri alitamka sentensi ndefu mara moja tu, yeye akairudisha vilevile, na mikoromo yake yote ya kooni, hata mhadhiri akageuka kutazama kama kuna mtu amewasha redio. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye ulimi mwepesi, na mwenyewe alijijua. Wa tatu wao aliitwa Wakili, kwa sababu aliweza kukubishia kwamba leo si leo, na ukaondoka umekubali. Hao watatu walikula pamoja, walisoma pamoja na waligombana pamoja.

Sasa ije habari ya karatasi, maana kila kitu kilianzia hapo. Kila asubuhi saa tatu karatasi ya mahudhurio ilipitishwa ukumbini safu kwa safu, na kila mwanafunzi wa ufadhili aliweka saini mbele ya jina lake. Saa tano karani aliipeleka ofisini. Ukikosa siku moja, hakuna neno. Ukikosa siku mbili mfululizo, mchana huohuo ofisi inampigia simu msimamizi wa bweni, mzee mwenye shada la funguo kiunoni ambaye wao walimwita Funguo, naye anakuja kugonga mlango wako. Usipofungua, anafungua mwenyewe. Ukifikisha siku tano katika muhula bila sababu, ufadhili unakatwa na unarudi kwenu na sanduku lako. Kuna kijana mmoja alikutwa na Funguo saa nane mchana amelala na chupi, mdomo wazi, na Funguo akamsomea kanuni zote za bweni, ya kwanza hadi ya mwisho, kabla ya kumruhusu avae suruali. Walicheka mwezi mzima.

Walicheka, lakini hofu iliwaingia. Kwa hiyo wale wanane wakala njama. Kila mmoja angekuwa na mwenzake wa kumsainia siku akizidiwa na usingizi, au na uvivu, au na baridi ya kule ambayo ilimfanya mtu aione blanketi kuwa ndiyo nchi yake. Walikaa kwenye ngazi za bweni Jumapili moja, wakifundishana saini migongoni mwa karatasi za mazoezi ya sarufi. Kasuku alipangiwa saini ya Babu, nayo ilikuwa kazi. Ilikuwa saini ya mwalimu wa shule ya msingi: duara kubwa, mkia unaorudi nyuma na kupita chini ya jina lote, na mwishoni nukta mbili ambazo hazikuwa na kazi yoyote duniani.

Babu hakulipenda jambo lile hata chembe. Alikuwa amefundisha miaka tisa kabla ya kupata ufadhili.

"Miaka tisa nimeita majina," aliwaambia. "Mnadhani daftari la mahudhurio ni la kukamata watoro? Mtoro nilikuwa namjua bila daftari. Daftari ni la kujua nani hajafika, ili mtu aende kwao akaulize kuna nini."

"Babu, hapa hakuna kwao," Wakili akamjibu. "Hapa kuna Funguo."

Wote wakaangua kicheko, Babu naye akacheka. Kisha akachukua kalamu mkononi mwa Kasuku na kumwonyesha jinsi mkia unavyorudi, kwa sababu mwalimu hawezi kuona kazi mbaya akainyamazia. "Usiuvute kwa hasira. Uache uende wenyewe. Haya, tena." Baada ya mara ishirini hivi, yeye mwenyewe hakuweza kuzitofautisha.

Kikohozi kilimwanza wiki ya tatu ya miezi ya baridi. Siku ya Jumatano alikohoa darasani mpaka mhadhiri akasimama kumsubiri. Jioni ile, walipokuwa wakishuka ngazi, alimshika Kasuku kiwiko.

"Mdogo wangu, kesho nisainie."

"Wewe? Mwalimu wa mahudhurio?"

"Nisainie bwana, usinisimange. Nikilala siku moja nitasimama."

"Twende zahanati basi."

"Zahanati wanaandika," alisema Babu, na Kasuku akajua anachosema. Zahanati ya chuo ilipeleka taarifa ofisini, na mwaka uliopita kuna mwanafunzi wa kundi lililowatangulia aliyeandikiwa mapumziko ya wiki mbili, ufadhili wake ukaahirishwa mpaka mwaka mwingine, akaenda kwao kupumzika na hakuitwa tena. Babu alikuwa ameacha kazi yake ya ualimu. Nafasi ile ilikwisha pewa mtu. Hakuwa na pa kurudi.

Alhamisi Kasuku alimsainia. Duara, mkia, nukta mbili. Baada ya vipindi alimpelekea kikombe cha chai na mkate. Chumba cha Babu kilikuwa cha mwisho kabisa, chini, pembeni ya chumba cha mitambo ya kupasha joto, kwa hiyo ukutani mlikuwa na mngurumo usiokoma. Babu alifungua mlango kidogo tu, kofia kichwani, macho mekundu. Akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Na kesho pia," alisema. "Jumatatu utaniona mstari wa mbele."

"Babu, unanitisha."

"Nenda kasome. Kesho una mtihani wa ukalimani. Ukifeli kwa ajili ya kikohozi changu, sitakusamehe."

Ijumaa saa tatu karatasi ilimfikia, naye akasaini mara mbili, yake na ya Babu, huku kichwani anarudia msamiati wa mtihani. Saa nne akaingia chumba cha mitihani. Mhadhiri wa ukalimani alikuwa na sheria moja, na aliirudia kila siku mpaka wakaichoka: mkalimani hana upande, ana mdomo tu, usiongeze, usipunguze. Kasuku hakuongeza wala hakupunguza. Alipata alama za juu kuliko wenzake wote, wenye lugha yao wakiwemo, na mchana ule alimtumia Babu ujumbe: *Nimewagaragaza*. Babu hakujibu. Atakuwa amelala, alijisemea.

Jumamosi aligonga mlango. Kimya. Chini ya mlango mwanga wa taa ulionekana. Akagonga tena, akaita, mngurumo wa mitambo ukameza sauti yake. Wakili alikuwa nyuma yake na taulo begani.

"Mwache mgonjwa alale. Taa si unaiona? Yuko anasoma, au amesinzia kwenye kitabu."

Kasuku alitazama mwisho wa korido, kwenye kidirisha cha Funguo. Mzee alikuwa pale anakunywa kahawa, funguo zimelala mezani mbele yake. Hatua ishirini tu. Lakini Funguo angeuliza, huyu anaumwa tangu lini? Na karatasi ingesema haumwi, alikuwa darasani jana na juzi. Kasuku alishusha mkono na kupanda ngazi kwenda chumbani kwake. Jumapili taa bado ilikuwa inawaka, na Wakili akasema pengine amekwenda kwa jamaa yake mmoja wa mji wa pili kuuguzwa, akasahau kuizima. Kasuku alitaka sana iwe hivyo, basi ikawa hivyo.

Jumatatu akasaini. Jumanne akasaini.

Jumanne hiyohiyo mchana, vipindi vimekwisha, mama wa usafi alifika kubadilisha mashuka. Alifungua kwa ufunguo wake, akasukuma, mlango ukagoma, kwa sababu kulikuwa na kitu kizito nyuma yake sakafuni. Babu alikuwa amefika mlangoni. Mkono mmoja ulikuwa umenyooka juu, karibu na kitasa. Simu ilikuwa kitandani, imezima chaji, na kando yake kikombe cha chai hakijanywewa hata nusu, utando umeganda juu.

Kasuku aliyajua hayo yote kwa sababu mama wa usafi aliyasimulia kwenye korido, ameketi juu ya ndoo yake iliyofunikwa, na katika wanafunzi waliokuwa wamemzunguka hakuna aliyeelewa lafudhi yake vizuri kuliko Kasuku. Wenzake wakamgeukia: anasema nini, anasema nini? Naye akawaeleza, sentensi moja moja.

Jumatano mkuu wa ofisi ya ufadhili, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, aliwaita wale saba waliobaki. Aliweka karatasi nne mezani.

"Daktari ameandika kwamba ni nimonia," alisema. "Amefariki kati ya Ijumaa jioni na Jumamosi alfajiri. Lakini Jumatatu alihudhuria mhadhara. Jumanne pia. Hapa kuna saini yake, nzuri kweli."

Akazipanga zile nne kwa tarehe.

"Kama Alhamisi na Ijumaa pangekuwa patupu, Ijumaa mchana msimamizi angefungua mlango ule. Daktari anasema mtu wa umri huo, Ijumaa mchana, angepelekwa hospitali na huenda angepona. Aliyesaini ananisikia. Aje mwenyewe. Ufadhili wake umekwisha, sitamficha. Asipokuja mtu, sina ushahidi, na familia nitaiambia ni maradhi ya ghafla."

Kasuku alitoka pale. Wakili alimvuta mpaka kwenye zile ngazi za Jumapili ya saini.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Ukijitoa utamfufua?"

"Alikuwa mlangoni, Wakili. Alikuwa anataka kutoka."

"Nimekuuliza, utamfufua? Umebakiza mwaka mmoja na nusu. Baba yako ameshatangaza mtaa mzima, kila anayekuja kupimwa suruali anaambiwa habari zako. Utarudi kumwambia nini? Na sisi? Ukianza kumwaga mtama, watauliza nani alimsainia nani, na tutaondoka wote."

"Kwa hiyo ninyamaze."

"Unyamaze." Wakili alijifuta pua kwa kiganja, na Kasuku akaona kumbe analia. "Mimi ndiye niliyesema mwache alale. Unadhani mimi nalala?"

Baba yake Kasuku alikuwa fundi cherehani. Siku ya safari alikuwa amemshonea koti zito kutokana na mablanketi mawili, kwa vile hakujua baridi ya huko ikoje na hakutaka kubahatisha. Koti lilikuwa baya kupindukia na lilikuwa na joto la ajabu, na Kasuku alilivaa usiku na mchana siku zile. Kila alipofumba macho aliuona mkono.

Ijumaa asubuhi mkuu wa ofisi akamwita peke yake. Akadhani amekwisha. Kumbe alikuwa anatafuta mkalimani.

"Mama wa marehemu amepatikana kwa simu. Msiba ameshaambiwa na ubalozi wenu, ila ana maswali. Hajui lugha nyingine ila yenu. Mhadhiri wako anasema katika ninyi hakuna anayekushinda. Utaweza?"

Alipowaambia wenzake, Wakili alimshika mabega. "Umeona? Mungu mkubwa. Wewe ndiye mdomo wao. Huyu haelewi la yule, yule haelewi la huyu. Utapitisha unalotaka."

Saa nane mchana akakaa kwenye kile kiofisi chenye kabati la mafaili na dirisha linalotazama ukuta. Simu iliwekwa katikati ya meza, spika imefunguliwa. Mkuu wa ofisi alivaa miwani yake, akachukua kalamu na kutanguliza neno.

"Mwambie jina langu na cheo. Mwambie wewe ni mkalimani wa chuo."

Kasuku akasema kwa Kiswahili, sauti imenyooka: "Shikamoo mama. Hapa ni ofisi ya ufadhili. Naongea mimi, mkalimani wa chuo."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha lia na kubakiwa na maswali. "Nashukuru kusikia lugha ninayoijua. Niulizie. Mwanangu aliumwa siku ngapi?"

Kasuku akapeleka swali. Mkuu wa ofisi akajibu, Kasuku akarudisha: siku tatu au nne, ni mapafu.

"Na nani alikuwa anamuuguza?"

Likaenda, likarudi: hapakuwa na mtu. Hakuna aliyetoa taarifa.

"Alikutwa lini?"

"Alifariki Ijumaa usiku, akakutwa Jumanne, mama."

"Amefariki Ijumaa, akakutwa Jumanne." Mama alizihesabu siku kwa sauti. "Mwanangu alikuwa mwalimu. Mtoto mmoja asipofika shuleni siku mbili, jioni alikuwa anapanda baiskeli kwenda kwao. Nilikuwa namgombeza, chakula kinapoa. Huko shule yenu haiiti majina?"

Kasuku alilitafsiri swali lile kwa Kifaransa safi kabisa, baiskeli na chakula humo humo. Mkuu wa ofisi alivua miwani, akaisugua, akaivaa tena.

"Mwambie tunaita," alisema. "Mwambie..." Akatazama kabati la mafaili. "Hapana. Mwambie yalikuwa maradhi ya ghafla. Yatosha."

Kasuku akafungua mdomo, lakini mama akamtangulia.

"Mwanangu, ngoja. Kabla hujaniambia majibu ya ofisi. Alikuwa na rafiki huko, msichana, wanamwita Kasuku. Sijui jina lake la kwao. Kila akipiga simu alikuwa akinitajia, Kasuku hivi, Kasuku vile, mama, nimepata mdogo wangu huku. Nataka niongee na huyo. Hao wenye ofisi wataniambia ya ofisini. Yeye ataniambia ukweli. Nitafutie huyo binti."

Mkuu wa ofisi aliinua nyusi, kalamu hewani. "Anasema nini?"

Kasuku aliitazama simu. Alijua bado njia ipo, tena pana: angeweza kusema Kasuku yuko darasani, Kasuku anaumwa, Kasuku ameshindwa kuongea kwa majonzi. Mama angeamini lolote.

"Ni mimi, mama," alisema. "Mimi ndiye Kasuku."

"Ni wewe?" Sauti ile kavu ikavunjika. "Ni wewe, mwanangu? Mbona hukuniambia? Pole. Pole sana mama yangu. Umefiwa na kaka."

Kupewa pole ndiko kulikommaliza. Akalia pale mezani, kichwa kimeinama juu ya simu, na katika kulia akasema yote, kwa Kiswahili, yakifuatana yenyewe: ngazi na saini, Jumatano kwenye kiwiko, Alhamisi na chai, karatasi ya Ijumaa, taa ya chini ya mlango, Funguo na kahawa yake, hatua ishirini. Hakujitetea. Mkuu wa ofisi alimtazama, akijua tu kwamba anaona kitu kikubwa na hakielewi, akamsogezea boksi la karatasi laini.

Alipokwisha, mama alimwita.

"Kasuku."

"Abee, mama."

"Hiyo Ijumaa asubuhi. Ulipoandika kwamba yupo. Alikuwa hai?"

Swali lile hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wala yeye mwenyewe hakuwa amethubutu kujiuliza, kwa maneno hayo.

"Alikuwa hai, mama."

Akasikia mama akivuta pumzi na kuiachia. Nyuma yake, mbali, mlango ulifungwa na mtu akaita watoto waje kunawa.

"Na huyo aliyekaa na wewe hapo, umemwambia?"

"Bado."

"Anasikia haya tunayosema?"

"Haelewi."

"Basi mwambie," mama akasema. "Mwambie kwa lugha yao hiyo aliyoifuata. Mimi sikati simu. Sitaelewa, lakini nitakusikiliza mpaka umalize."

Kasuku alijifuta uso kwa mkono wa lile koti la mablanketi na kuinua kichwa. Mkuu wa ofisi alikuwa bado anangoja, kalamu mkononi, karatasi mbele yake tupu. Akaanza tangu Jumapili ya ngazi, polepole, kila neno mahali pake, na mkuu wa ofisi akaanza kuandika.